Binti Yetu Anaitwa Luitgard

Niliuona ule ubao kupitia dirisha la chumbani, nikiwa sijamaliza hata kufunga vifungo vya blauzi. Ulikuwa umesimikwa bustanini kwetu, karibu na lango, na juu yake alisimama korongo wa mbao mwenye miguu mirefu myekundu na kifurushi mdomoni. Kazi ya Onno hiyo, jirani yetu wa kwanza. Kwetu jirani wa kwanza ndiye anayebeba jeneza lako, ndiye anayepamba mlango wako ukiolewa, na ndiye anayechora ubao ukijifungua. Kwa hiyo Onno alikuwa ametimiza wajibu wake, tena kwa moyo mmoja. Tatizo lilikuwa maandishi. Kwa rangi ya buluu, kwa herufi ambazo mtu wa ng'ambo ya mfereji angezisoma bila miwani, aliandika: KARIBU DUNIANI, HISKE.

Mtoto wangu haitwi Hiske. Hiske ni mama yake Tammo.

Nilimgeukia binti yangu kitandani pake. Alikuwa amelala fofofo, ngumi mbili kando ya masikio, hana habari kwamba kuna watu wazima wamempora kitu chake cha kwanza duniani. Nikamfunika vizuri, nikashuka ngazi na hasira zangu.

Tammo alikuwa jikoni, amenipa mgongo, akikoroga mtungi wa zabibu alizoziloweka kwenye brandi na sukari tangu tumbo langu lilipoanza kuonekana. Ndizo wanazolishwa wageni wanaokuja kumwona mtoto mchanga, na mchana ule ndio wageni walikuwa wanakuja. Zisipokuwepo, watu wa kwetu huondoka wakisema hawajaona mtoto.

"Tammo."

"Mh."

"Kuna ubao nje."

"Onno kauleta asubuhi."

"Umeusoma?"

Hakugeuka, lakini masikio yake yakaanza kuwa mekundu. Mwanaume huyu hajui kusema uongo. Masikio yake hukiri kabla mdomo haujafunguka, na hicho ni kimoja katika vitu vilivyonifanya nimpende.

"Nimeusoma," alisema.

"Ukamwambia nini Onno?"

"Nilimwambia... nilimwambia ni ubao mzuri."

"Ni ubao mzuri!" Nilicheka, na kicheko changu mwenyewe kikanitisha. "Mtu anakuja kwako, anakubadilishia jina la mwanao mbele ya macho yako, na wewe unamsifia rangi!"

"Gesche, angefanyaje? Alimuuliza Mama. Unajua desturi yetu, binti wa kwanza anachukua jina la mama wa baba yake. Onno hakuona kama kuna cha kutuuliza sisi."

"Onno simlaumu. Nakulaumu wewe. Hospitalini uliniambia nini?"

Akaweka mwiko chini. Akageuka, akanitazama kwa yale macho yake ya kijivu, na mimi nikatazama pembeni haraka. Nikiyatazama sana huwa nasahau nilichokasirikia.

"Nilisema ndiyo," alijibu.

"Ulinishika mkono, ukalia mpaka muuguzi akakuletea kitambaa, ukasema, huyu ni Luitgard wetu. Mimi sikukulazimisha. Halafu mama yako akaingia na maua, akauliza, Hiske wangu hajambo? Na wewe ukasema hajambo."

"Baba alipofariki, Mama alibaki na mimi tu. Sijawahi kumwambia hapana, Gesche. Sijui hata inaanzaje."

Sauti yake ilinikata maini. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikata zaidi, nacho sikuweza kukinyamazia.

Luitgard ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka tisa, baba simjui, na watu wazima walikaa sebuleni kwetu wakijadiliana nipelekwe wapi. Luitgard, mchunga kondoo wa kwenye tuta la bahari, mwanamke asiye na mume wala mtoto wala maneno mengi, aliingia na buti zake zenye matope, akanishika mkono, akanipeleka kwake. Siku ileile alinipa mwanakondoo yatima nimnyonyeshe kwa chupa. Hakuniuliza kama ninalia. Alinipa kitu cha kushika, basi. Sasa amezeeka, magoti yamemchosha, na siku atakapoondoka hakuna mtu mwenye damu yake atakayebaki kumtaja. Mimi nilitaka abaki mtu wa kutajwa. Hilo tu.

"Nisikilize," nilimwambia Tammo. "Hatujaoana. Ningetaka, ningeenda ofisi ya usajili peke yangu Jumatatu nikaliandika jina, na mama yako angelisikia wino ukiwa umeshakauka. Lakini sitaki mwanangu awe na jina la kuibia. Nataka baba yake alitamke mbele ya mama yake, leo, kwa mdomo wake."

"Na nikishindwa?"

Nilitazama rafu iliyo juu ya jiko, pale penye kopo la bati la sukari. Ndani ya kopo lile, katikati ya mabonge meupe ya sukari, ilikuwepo pete. Tammo aliniposa nikiwa na mimba kubwa, miguu imevimba, nimekunja uso. Nikamwambia aiweke mahali ninapopafungua kila siku, na siku nitakapokuwa na uhakika naye nitaichukua mwenyewe. Kila siku nilichota sukari ya chai. Kila siku pete niliipisha.

"Ukishindwa, jioni nachukua mtoto na yule kondoo wangu wa kuchezea wa utotoni, narudi kwa Shangazi Luitgard kwenye tuta. Na ile pete utaitoa kwenye sukari, maana nitakuwa nimepata jibu."

Akafungua mdomo. Kengele ya mlango ikalia.

Bi Hiske alikuwa wa kwanza kufika, kama ilivyotarajiwa. Koti la kijani, nywele zimetengenezwa jana saluni, keki ya tufaha mikononi. Ni mwanamke mzuri bado, mgongo wake umenyooka, na akiingia chumbani hata mapazia ni kama yanajirekebisha. Nyuma yake waliingia Onno na mkewe Foelke, Onno akiwa bado na rangi ya buluu kwenye kucha.

"Moin, mzazi!" Onno alinisalimia. "Umeuona ubao?"

"Nimeuona, Onno."

"Yule korongo nimempiga msasa mara tatu."

"Anaonekana."

Nilishindwa kumvunja moyo. Nikawakaribisha mezani, Tammo akagawa zabibu kwenye vibakuli, na mimi nikamimina chai kwenye vile vikombe vyembamba vya maua. Bonge la sukari kwanza, halafu chai ya moto ili sukari ipasuke na kulia, halafu krimu tone moja pembeni mpaka ifanye wingu. Hakuna kukoroga. Kijiko kwetu hakina kazi hiyo. Kijiko hukaa kando kwenye kisahani mpaka mgeni atosheke, ndipo anakitia ndani ya kikombe, na mwenye nyumba anajua asimimine tena. Na hakuna mgeni mstaarabu anayekitia kabla ya kikombe cha tatu.

Foelke alikuwa ameshamchukua mtoto. "Haya, tumwone Hiske mdogo! Jamani pua hii, pua ya bibi yake kabisa. Hiske, Hiske, umeamka?"

Nilimtazama Tammo. Sikumkonyeza, sikumkanyaga mguu. Nilimtazama tu.

Tammo alitazama buli la chai. "Kwa kweli," alisema, "jina... jina bado tunalijadili."

"Mnalijadili?" Bi Hiske aliinua nyusi. "Mnalijadili na nani?"

"Sisi wawili, Mama."

"Kuna jina gani jingine la kujadili?"

Masikio ya Tammo yalikuwa yanawaka moto. Nilingoja. Mungu ni shahidi yangu, nilingoja mpaka nikasikia saa ya ukutani. Halafu nikasema mwenyewe, kwa sababu mtu lazima angesema.

"Luitgard," nilisema. "Nataka aitwe Luitgard."

Onno alikohoa zabibu.

"Luitgard?" Foelke alimtazama mtoto, kama anayeangalia kama jina litamkaa. "Luitgard kama yule wa kondoo?"

"Huyohuyo. Ni jina la zamani sana. Maana yake ni uzio wa watu, yule anayewakinga watu."

"La zamani mno," alisema Onno, akijifuta kidevu. "Hilo ni jina la nyakati za wafalme wenye ndevu. Mtu mwenye jina hilo anatakiwa awe na mkuki."

"Onno, nyamaza," Foelke alisema, kisha yeye mwenyewe hakunyamaza. "Mimi sisemi ni baya, Gesche. Lakini fikiria shuleni. Wenzake ni kina Lina na Mia, wanaandika majina yao wiki ya kwanza. Huyu maskini atafika darasa la tatu bado yuko kwenye G."

"Atakuwa na mwandiko mzuri basi."

"Mpe liwe jina la pili," Onno alipendekeza. "Majina ya namna hiyo huwekwa nyuma, mtu halioni mpaka afungue pasipoti. Mimi mwenyewe jina langu la pili ni Gerbrand. Mke wangu alilijua siku ya harusi."

"Nusura nisimame nikaondoka," alisema Foelke.

"Au mfupishe!" Onno alikuwa ameshachangamka na brandi. "Mwite Luti. Luti inabebeka. Na ubao pia... maana nitakuwa mkweli, ubao ule hauna nafasi ya herufi zote hizo."

Wakacheka, na hata mimi ningecheka siku nyingine. Bi Hiske hakucheka. Alikuwa anamaliza kikombe chake polepole, kidole kidogo kikiwa juu. Alipomaliza alikiweka kwenye kisahani, akachukua kijiko, na mbele yetu sote akakitumbukiza ndani ya kikombe. Kililia kling, sauti ndogo tu.

Kikombe cha kwanza.

Foelke alishika kifua. Onno alitazama dari. Katika nyumba zetu mtu anaweza kukutukana na ukamsamehe kabla ya Krismasi, lakini kijiko kwenye kikombe cha kwanza ni mlango unaofungwa usoni pako, tena mbele ya majirani.

"Mama," Tammo alinong'ona.

"Nimetosheka," alisema Bi Hiske. "Bibi wa baba yako alikuwa Hiske. Nilipoolewa katika ukoo huu, watu walisema jina limerudi nyumbani. Mimi sikujaliwa binti, nikasema sawa, nitangoja mjukuu. Nimengoja. Sasa mjukuu kaja, na mnamvisha hilo dude la kutu lililookotwa kwenye tuta. Siwezi kukaa nikanywa chai juu yake. Koti langu liko wapi?"

Macho yake yalikuwa makavu, lakini midomo ilimtetemeka. Wakati ule ule niliokuwa nimemkasirikia ndipo nilipomwonea huruma, na sikupenda kumwonea huruma.

Alikuwa ameshasimama mlango wa nyuma ulipofunguliwa.

"Kuna mtu?" ilikuwa sauti ya Shangazi Luitgard, sauti iliyozoea kushindana na upepo. Tulimsikia akivua buti zake. Akaingia na soksi za sufu, moja ikiwa na tundu kwenye kidole gumba, akinukia mvua na kondoo, kwapani amebana ngozi nyeupe ya kondoo iliyosafishwa mpaka inang'aa. "Hii ni ya kutandika chini ya mtoto," alisema. "Nimeona ubao langoni. Hiske. Jina zuri hilo, fupi, halimpi mtu shida."

Hakujua. Nilikuwa nimemficha jina hilo makusudi, nikitaka alisikie siku ile kutoka kwa Tammo, wote tukiwa mezani, ashindwe kukimbia.

Na Foelke, Foelke wetu na zabibu zake, akashindwa kujizuia. "Si Hiske, Luitgard! Gesche anataka kumpa mtoto jina lako!"

Shangazi alisimama pale pale. Ngozi ya kondoo ikaanza kumteleza kwapani, akaidaka.

"Jina langu?"

"Ndiyo, Shangazi," nilisema. "Jina lako."

"Umerogwa?"

"Shangazi..."

"Usimpe." Alilisema bila hasira. Aliiweka ngozi juu ya kiti, akaipapasa manyoya yalale upande mmoja. "Gesche, mwanangu, nakushukuru. Lakini usimpe. Mimi nimeishi nalo, nalijua. Shuleni walinivika ndoo ya maziwa kichwani, wakaipiga kwa fimbo, wakasema ndiyo kofia yangu ya vita. Nilipokuwa mkubwa likawa jina la kupigiwa kelele. Luitgard, kondoo wako wametoka! Luitgard, funga lango! Tuta zima hilo, upepo unavuma, na mtu anapaza sauti. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuliita jina langu taratibu. Mpe mtoto jina ambalo watu wataliita taratibu."

Nililia. Siwezi kusema vinginevyo. Miaka yote niliyoishi naye nilimwita Shangazi, na sikuwahi kujua kwamba kuna kitu alikuwa anakikosa.

"Haya," alisema Bi Hiske, lakini sauti yake haikuwa ile ya mwanzo, na mkono wake ulikuwa umeshika mgongo wa kiti. "Mwenye mali mwenyewe amekataa. Limekwisha hilo."

Kila mtu akamtazama Tammo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa amesimama.

Alizunguka meza. Ni mtu mkubwa, chumba chetu ni kidogo, na ilibidi Onno avute miguu ampishe. Akamchukua mtoto kutoka kwa Foelke, akamweka kifuani, kichwa kidogo kikatoweka ndani ya kiganja chake. Masikio yake yalikuwa mekundu vilevile. Lakini safari hii hakutazama buli, wala sakafu.

"Shangazi Luitgard," alisema, "siku nilipokuja kwako kuomba nitoke na Gesche, ulinipa kondoo dume nimshike ukimkata kwato. Aliniburuza kwenye matope mpaka suruali yangu ya harusi ya binamu ikaisha. Uliponiona sijamwachia, ukaniambia, ukimwahidi msichana wangu kitu, kishike hivyohivyo. Nikasema ndiyo. Tangu mtoto azaliwe, nimeachia. Nimemwacha Gesche ashike peke yake, na leo kaburuzwa mbele ya watu nikiangalia."

"Tammo, mwanangu, kaa chini," alisema Bi Hiske.

"Hapana, Mama."

Lilitoka dogo, limekauka, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. Nadhani yeye mwenyewe alishangaa kwamba paa halikuanguka. Akavuta pumzi.

"Hapana," alirudia. "Nakupenda, Mama, na kesho nitakuja kukukatia kuni kama kila Jumapili. Na huyu nitamleta kwako mpaka uchoke kumwona. Pua anayo yako, na nadhani hata kichwa kigumu atakuwa nacho chako. Lakini jina anapewa na mama yake na mimi, na mimi nilishalitoa. Binti yetu anaitwa Luitgard."

Nilimtazama yule mwanaume kama nilivyomtazama siku ile ya kwanza kwenye tuta, alipotoka matopeni akiwa hajamwachia kondoo. Nilimpenda mpaka nikaona aibu mbele ya wageni.

Mtoto alikuwa ameshachoka na kelele zetu. Akakunja uso, akaanza kulia. Tammo akampeleka huku na huku karibu na dirisha, akainamisha kichwa, midomo yake ikiwa karibu na kile kisikio.

"Shh," alimbembeleza. "Luitgard. Lala mama, lala. Baba yupo, Luitgard. Luitgard wangu."

Taratibu. Hivyo alivyolisema, nusu sauti, nusu pumzi, mara nyingi, bila haraka. Mtoto akanyamaza.

Shangazi Luitgard alikuwa amekaa juu ya ngozi ya kondoo bila kujua amekaa. Mikono yake, ile mikono mikubwa ya kukamata kondoo, ilikuwa magotini, viganja juu.

"Sema tena," alimwambia Tammo.

"Luitgard," Tammo alisema, kwa upole uleule, na safari hii hakuwa anamtazama mtoto.

Yule mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika mama yangu, alifunika uso wake kwa mikono. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, nikamkumbatia. Alinukia nyumbani.

"Ilikuwa ndoo yetu," alisema mtu.

Tuligeuka. Bi Hiske alikuwa bado amesimama, koti mkono mmoja.

"Ile ndoo ya maziwa," aliendelea. "Ilikuwa ya baba yangu. Mimi ndiye niliyeileta shuleni."

"Najua," alisema Shangazi, akijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Ilikuwa na jina la baba yako limegongwa kwa nyundo ubavuni. Nililisoma kwa ndani, kinyumenyume."

"Hukuwahi kusema."

"Ungefanya nini, ningesema?"

Bi Hiske alimtazama yule mwanamke aliyesoma naye darasa moja, aliyepishana naye sokoni na kanisani maisha yote, na nafikiri ndiyo kwanza alikuwa anamwona. Halafu alimtazama mwanawe aliyesimama dirishani, ambaye siku hiyo alikuwa amemwambia hapana na bado hajaanguka, wala hajamwangusha yeye. Koti akalitundika nyuma ya kiti.

Akakaa. Akakivuta kikombe chake karibu. Kwa vidole viwili akakitoa kijiko, akakifuta kwa leso, akakilaza kando kwenye kisahani, pale kilipotakiwa kuwa. Akakisukuma kikombe kuelekea kwangu.

"Gesche, mwanangu," alisema, na hakuwahi kuniita hivyo kabla, "mimina. Mimi nimekunywa kimoja tu."

Onno alipumua kwa nguvu, kama aliyekuwa chini ya maji. "Nitakwenda kuchukua rangi," alisema. "Na kipande kingine cha mbao."

"Kaa umalizie zabibu kwanza," Foelke alimwambia. "Hivi sasa ukiandika, herufi zitalala."

Nilinyanyuka nikalichukua lile kopo la bati kutoka rafuni. Nikaliweka mezani, nikalifungua, nikachagua bonge kubwa kuliko yote, nikalitia kwenye kikombe cha Bi Hiske. Halafu nikarudisha vidole ndani ya kopo. Tammo aliona. Aliacha kutembea, mtoto kifuani, akasimama katikati ya chumba ameduwaa.

Pete ilikuwa na chembe za sukari. Nikailamba, mbele ya majirani na mama mkwe, nikaivaa. Ilinikaa vizuri, maana vidole vilikuwa vimeshapungua uvimbe.

"Ile siku uliniuliza kitu," nilimwambia Tammo. "Jibu ni ndiyo."

Alikuja mpaka nilipo, akaweka paji lake la uso juu ya langu, mtoto katikati yetu, na nikahisi machozi yake yananidondokea puani. Nikacheka. Nilishindwa kuacha kucheka.

"Na mlango wa kupamba pia!" Onno aligutuka. "Mtaniua mwaka huu."

Nilimimina chai. Sukari ikapasuka, ikalia. Bi Hiske aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Hakukigusa kikombe. Alinyoosha mikono yote miwili kuelekea kwa mwanawe, na nikaona anahangaika na kitu mdomoni, kama mtu anayeonja chakula asichokizoea.

"Basi nipe na mimi nimshike," alisema. Akamtupia jicho Shangazi, akaishusha sauti yake ile ya kuamrisha mpaka ikawa laini. "Luitgard. Njoo kwa bibi, Luitgard."